Kokoto Begani mwa Mgeni

Nikipita kwa wapiga rangi viatu pale Lodwar, karibu na soko, huwa nazuia pumzi. Watu hudhani nina kiburi. Ukweli ni kwamba harufu ya rangi nyeusi ya viatu hunirudisha darasa la sita, na sipendi kurudi huko bila kujiandaa. Mimi mwenyewe sivai viatu vya kung'arishwa. Nimezoea akala zilizokatwa kwenye gurudumu la lori. Zimenifikisha Lowarengak, zikanifikisha Todonyang, zikanirudisha Kakuma mara nisizozikumbuka. Lakini juzi mpiga rangi mmoja aliamua kunitania. Alinifungulia kopo lake mbele ya pua, akasema, "Mama, lete hata hizo akala, zitang'aa zikuogopeshe!" Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikasimama pale katikati ya jua, nimeshika mfuko wangu, nikiwatazama miguu mmoja baada ya mwingine.

Hakuna aliyeelewa kwa nini nawatazama miguu. Ninyi wa rika langu, mliokariri chini ya mabati ya moto majina ya majengo ambayo hata mwalimu hakuwahi kuyaona, labda mtanielewa nikieleza.

Kabla ya Kakuma tuliishi kwa ata, ndivyo tunavyomwita bibi, upande wa Kalokol. Kando ya barabara itokayo Lodwar kuna mawe. Ukipita kwa gari la haraka unaweza kuyakosa. Ukipita kwa miguu huwezi, kwa sababu yanakutazama. Ni nguzo nyeusi, fupi na ndefu, zilizochomekwa ardhini zikiegemea huku na huku, kama watu waliokatizwa katikati ya jambo. Mchana zinashika moto kiasi kwamba ukiweka kiganja unakiondoa upesi. Nilikuwa nazihesabu kila tulipopita na sikuwahi kupata idadi ileile mara mbili. Mtu mwingine angesema sijui kuhesabu. Mimi niliamini zinahama.

Ata alinisimulia habari zake tukiwa tumeketi kwenye kivuli chembamba cha mti wa mathenge, yeye akisuka kikapu cha majani ya mkoma na kulainisha ukindu kwa meno. Alisema hao walikuwa watu. Walikuwa wakicheza edonga, ile ngoma yetu ya kuruka, wakati mgeni asiyejulikana alipofika na kuomba kucheza nao. Mgeni huyo alikuwa na umbo la ajabu na uchezaji wa ajabu zaidi. Aliwaonya wasimcheke. Wakajizuia, wakajizuia, kisha mmoja akashindwa, na wote wakacheka. Mgeni akawageuza mawe palepale walipokuwa, kila mtu na mwinamo wake.

"Ata, mgeni yule alikuwa nani?"

"Mgeni."

"Alitoka wapi?"

"Kule wageni wanakotoka."

"Na watoto wa hawa waliogeuka, nani aliwalea? Mbuzi wao walikwenda na nani?"

Ata alitoa ukindu mdomoni, akanitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyeingiza kichwa kwenye chungu. "Wewe mtoto, maswali yako yatatumalizia maji. Okota jiwe, twende."

Kuokota jiwe ndiyo ilikuwa desturi, na bado ipo. Mtu akipita pale huchukua kokoto na kuliweka juu ya nguzo mojawapo, taratibu, kama unavyomwekea mtu mkono begani. Kila nguzo ina mzigo wake mdogo wa vijiwe. Ata alisema ni heshima, ni kuwaambia wale kwamba bado wanaonekana, na wewe njia yako itakuwa njema. Mimi nilijiongezea maana yangu. Niliamini kokoto lina kazi: kwamba mtu akiwekewa mapema, kabla ugumu haujampanda hadi kichwani, huenda akaponea. Ata hakusema hivyo. Ni mimi niliyesema, kichwani mwangu, na kwa kuwa sikumwambia mtu hakuna aliyenisahihisha. Hilo linanikera mpaka leo. Nimeuliza maswali maisha yangu yote, na lile moja lililohitaji kuulizwa ndilo nililolijibu mwenyewe.

Nilipokuwa na miaka kama kumi, mama alinichukua tukahamia Kakuma. Alikuwa akibeba makaa kutoka porini kuyapeleka kambini, ambako wakimbizi walimpa unga badala yake. Utosini mwake, pale gunia lilipokaa, nywele zilikuwa zimekwisha, pamebaki duara linalong'aa. Mimi niliingia shule ya mle kambini. Tulibanana wanne au watano kwenye dawati moja, Waturkana, Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongomani, kila mmoja akija na Kiswahili chake kama mtu anayekuja na sahani yake mwenyewe kwenye chakula cha shughuli.

Niliyebanana naye zaidi alikuwa Achol, kutoka Sudan Kusini. Alikuwa mrefu hata akiketi. Achol alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho: kitabu. Kilikuwa hakina jalada, kilitoka kwenye magunia ya misaada, na kurasa zake zilinuka mafuta ya taa. Kilihusu majengo ya kale. Piramidi za Misri. Mahekalu ya nguzo nyeupe yaliyobaki bila paa. Ukuta uliopanda milima na kushuka. Kuta za mawe za Zimbabwe zilizopangwa bila hata tone la saruji. Na ukurasa mmoja uliochoka kuliko zote kwa kufunguliwa: piramidi ndogondogo, nyembamba, zimechongoka, zimepangana jangwani. Chini paliandikwa Sudan.

"Hii ni ya kwetu," Achol alisema, akiweka kidole.

"Kwenu ni Kusini. Hizi ziko Kaskazini."

"Mto ni moja."

"Sasa mto ndio ulijenga?"

"Wewe una wivu tu. Sisi iko na piramidi. Nyinyi Waturkana iko na nini? Nyumba ya vijiti! Upepo ikikuja, unaenda kuuliza jirani kama ameona nyumba yako."

Dawati zima likatetemeka kwa kicheko. Hata Waturkana wenzangu walicheka, wasaliti wale. Nilihisi uso ukiwaka. "Sisi tuna watu," nilisema.

"Kila mtu iko na watu."

"Watu wa mawe. Walikuwa wanacheza, wakacheka kama mnavyocheka nyinyi sasa, wakageuka."

Achol akajipapasa goti chini ya dawati. Niliona. Kuanzia siku hiyo tukawa marafiki wa kweli, kwa sababu aliniuliza maswali yote niliyomuuliza ata, nami nikamjibu kama ata alivyonijibu, na yeye hakuridhika kama mimi nisivyoridhika.

Mwalimu wetu aliitwa Bahati, Mkongomani, mkimbizi kama wanafunzi wake wengi. Alikuwa na shati moja la kijani alilolifua kila siku na sauti iliyofika hadi lagani Tarach, kwenye mto mkavu. Asubuhi moja alituambia kwamba watakuja wageni kutoka Nairobi, watu wa ufadhili. Walitaka msichana mmoja kutoka darasa letu wampeleke shule ya bweni Lodwar, wamlipie kila kitu mpaka amalize sekondari. Mmoja tu. Yeye Mwalimu alikuwa ametakiwa kupendekeza wawili, na wageni wangechagua kwa kuwauliza maswali. Akasoma majina: Achol, na mimi.

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa amekaa mlangoni akikung'uta vumbi la makaa kwenye nguo. Nilipomwambia hakuruka, hakupiga vigelegele. Alijigusa utosini, pale pasipo na nywele, akasema, "Ukipata hiyo, gunia litaishia kwangu."

Hayo ndiyo maneno niliyolala nayo na kuamka nayo. Kama nisingepata, hakuna aliyekuwa amenitisha kwa lolote. Ningeendelea na shule ya kambini kwa muda ambao mama angeweza kunikosa porini, kisha ningepewa gunia langu. Wasichana wa jirani walikuwa wameshapewa yao.

Mwalimu Bahati alitufundisha sisi wawili baada ya saa za shule. Hesabu za haraka, miji mikuu, viungo vya mwili, maajabu ya kale. Alikuwa anataka mmoja wetu ashinde kwa hamu ambayo sasa naielewa. Mtoto wa darasa lake akienda Lodwar, naye Mwalimu angekuwa ameenda mahali.

"Bon. Jengo la ajabu la kale katika Afrika?"

"Piramidi, Mwalimu."

"Nani alijenga?"

"Mafarao, Mwalimu."

"Vizuri. Weye," akanielekezea chaki, "uko na kichwa nguvu. Nakujua. Mambo yako ya Kalokol uiache Kalokol. Wageni wakisikia bantu banageuka mawe, watasema hapa tunafundisha bulozi."

Bulozi ni neno la kwao la uchawi. Niliahidi. Naapa niliahidi kwa moyo safi.

Siku yenyewe mama aliniazimia viatu kwa rafiki yake wa kanisani. Vilikuwa vyeusi, vya mtu mzima, vimepasuka kando. Alivijaza karatasi mbele ili vidole vyangu vipate pa kusukuma, kisha akavipaka rangi kwa kitambaa, akapaka tena, akatema mate, akasugua, mpaka nikajiona humo, uso wangu mdogo umepinda. Harufu ile ilinifuata njia nzima. Kila hatua niliyopiga, kiatu kilianza safari baada ya mguu.

Waliita Achol kwanza. Mimi nilikaa chini ya dirisha lisilo na kioo, nikisikia sauti bila maneno. Alipotoka alikuwa anatabasamu, lakini aliponiona tabasamu likapungua. Alipita karibu yangu akanong'ona, "Malesh." Hivyo ndivyo walivyosema samahani kwao. "Nimeshasema piramidi."

Sikuelewa anaomba samahani ya nini. Nilielewa dakika kumi baadaye.

Walikuwa watatu nyuma ya meza ya Mwalimu. Mwanamke wa miwani aliyeonekana kuwa mkubwa wao, kijana mwembamba wa kuandika, na mzee wa koti zito la rangi ya udongo ambaye sijui alilistahimili vipi kwenye joto la Kakuma. Mbele ya kila mmoja kulikuwa na kikombe cha chai. Mwalimu Bahati alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Ejok?" mzee alinisalimu, kwa lafudhi ya mtu aliyejifunza neno hilo asubuhi.

"Ejok-nooi," nikajibu, na wote wakafurahi.

Walinipa hesabu, nikajibu. Walinipa miji, nikajibu. Kijana wa kuandika alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika kila jibu. Nilimwona Mwalimu akivuta pumzi ndefu. Mambo yalikuwa yakienda vizuri, na nilianza kufikiria kitanda cha bweni kitakuwaje.

"Sasa tuambie," mwanamke wa miwani akasema, "jengo moja la ajabu la kale hapa Afrika."

"Piramidi."

"Hilo mwenzako amelitaja. Tupe lingine, msichana mwerevu kama wewe hashindwi."

Leo naweza kuwatajia mengi. Kuta za Zimbabwe zilikuwa kwenye kitabu kilekile, nilizishika kwa kidole mara ngapi! Lakini pale mbele ya meza kitabu chote kilifungika kichwani, na kilichobaki kimesimama ni kile nilichowahi kukigusa kwa mkono. Nilimtazama Mwalimu. Alitikisa kichwa polepole, kukataa, kama aliyesikia jibu kabla sijalitoa.

"Mawe ya Kalokol," nilisema.

"Ooh!" Mwanamke aliegemea mbele. "Hilo ni la hapahapa. Vizuri sana. Na nani aliyajenga?"

Aliuliza kwa upole. Hata kwenye hasira zangu siwezi kumnyima hilo.

"Hakuna aliyejenga, Madam. Walikuwa watu. Walikuwa wanacheza edonga, wakamcheka mgeni, wakageuka mawe."

Mwanamke alicheka wa kwanza, puani. Kijana akafuata. Mzee wa koti ndiye aliyecheka zaidi, akapiga meza, chai ikaruka vikombeni. Leo nikiwa mtu mzima najua kicheko kile hakikuwa cha ubaya. Walinipenda. Nilikuwa nimewachangamsha baada ya safari ndefu na vumbi. Lakini mtoto aliyesimama pale hakujua kuna kicheko cha kumpenda mtu. Nilichojua ni kwamba mle ndani mgeni nilikuwa mimi, na viatu vyangu vya kuazima na majibu yangu ya ajabu, na hawa watatu walikuwa wamefanya jambo lilelile, na hakuna aliyewaonya.

Nikawatazama miguu. Nilijua huanzia huko.

"Mbona unatuangalia miguu?" mwanamke aliuliza, bado akicheka. "Haya, swali lingine. Nyuki ana miguu mingapi?"

Nilijua. Niliikariri kwa wiki nzima. Sikujibu, kwa sababu mzee wa koti alikuwa ameacha kucheka. Aliacha ghafla. Mdomo ulibaki wazi, kichwa kikainuka, mkono ukasimama hewani, macho yakakaza kuelekea paani. Hakupepesa. Hakupumua. Mwinamo ule niliujua. Nimeuhesabu tangu nilipoanza kutembea.

Sakafu ya darasa ilikuwa imebanduka, makokoto yamejaa. Niliinama nikaokota moja, nikazunguka meza huku viatu vikipiga kelele, nikaliweka kwenye bega la koti lake. Taratibu. Kwa heshima yote.

Mzee akapiga chafya.

Ilikuwa chafya kubwa, chafya ya mtu aliyekuwa akiitafuta muda mrefu katika vumbi letu. Kokoto liliruka begani likatumbukia kwenye kikombe cha mwanamke wa miwani, na chai ikamrukia kwenye karatasi zake na kwenye blauzi. Hakuna aliyecheka tena. Mlangoni, Mwalimu Bahati alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Kwa nini umemwekea mzee jiwe?" mwanamke aliuliza. Sauti yake sasa ilikuwa kavu.

Nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa refu na lilikuwa na ata ndani yake, na mikoma, na watoto waliobaki bila wa kuwalea. Lakini Kiswahili chote kilinikimbia, kikaniachia neno moja.

"Heshima," nilisema.

"Heshima?"

"Ndiyo, Madam."

Kijana aliandika kitu. Mzee alifuta pua, akanitazama kwa jicho la mtu asiyejua kama ametukanwa. Wakaniambia niende.

Mwalimu hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alinitazama tu nikipita, akasema, "Neno moja nilikuomba. Moja!" Halafu akaingia kuwaomba radhi kwa Kifaransa na Kiswahili vilivyochanganyika.

Nilimweleza mama jioni ileile, kabla hajatua gunia vizuri, nikiona ni afadhali aisikie kwangu.

"Ulifanya nini?"

"Nilimwekea jiwe. Begani."

"Mzee wa watu? Wa Nairobi?"

"Alikuwa anageuka, mama. Niliona mwenyewe. Kumbe anatafuta chafya."

Mama alinitazama. Kisha midomo ikaanza kumtetemeka, kifua kikaruka, na kicheko kikamtoka, kikubwa, cha mtu ambaye hajacheka kwa miezi. Akapiga goti. Halafu katikati ya kicheko macho yake yakanikuta, akaona uso wangu, na mkono wake mweusi wa makaa ukaruka wenyewe ukaziba mdomo. Mama yangu, aliyeimba kwaya, aliyeniambia mara kwa mara kwamba hadithi za ata ni za watu wa zamani. Tulibaki hivyo, yeye ameziba mdomo, mimi namtazama miguu. Alipoondoa mkono, alama za vidole vitano zilibaki mashavuni, naye hakuwa anacheka tena. "Haya," alisema. "Basi tutaona."

Tuliona baada ya wiki chache. Barua ilimtaja Achol. Kuhusu mimi palikuwa na mstari mmoja, Mwalimu akanisomea kwa sababu nilimsumbua anisomee: mtoto ana akili, lakini hatofautishi hadithi na elimu. Achol alipoondoka aliniachia kitabu. "Huko watanipa kingine," alisema, na hakujua afanye nini na mikono yake mirefu. Gari lilipoanza kuondoka alinipigia kelele dirishani, "Usinicheke nikikosea Kiingereza!" Nikamwahidi.

Nitawaambieni kinachoniuma zaidi, ingawa hakikutokea wakati huo. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshavua samaki na kukausha samaki na kuchoka na samaki, nilipata kibarua upande wa ziwa kwa watu wanaochimba mambo ya kale. Kazi yangu ilikuwa kuchekecha udongo. Kulikuwa na nguzo za mawe pale pia. Dada mmoja aliyesimamia kazi, Mkenya, mwenye kofia pana, nilimuuliza mpaka akachoka nami, kisha akakaa chini akanieleza. Alisema mawe yale yalisimamishwa na watu. Wafugaji, zamani sana, wakati ziwa likiwa limekauka kurudi nyuma na maisha yamekuwa magumu. Waliyatafuta mawe, wakayakokota, wakayasimamisha, na chini yake wakawazika watu wao pamoja na mapambo yao. Mawe ya Kalokol ni ya namna hiyohiyo, alisema. Ni kongwe kama piramidi.

Chekecheke likanitoka mkononi. Yule dada alidhani nimefurahi. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuuma jiwe. Nani alijenga? Wafugaji, Madam. Watu wenye mbuzi, kama sisi. Jibu lenyewe maneno mawili. Lilikuwa limelala chini ya nyayo zangu tangu nilipokuwa naenda pale na ata, na hakuna mtu hata mmoja, si ata, si Mwalimu, si mwanamke wa miwani aliyeuliza, aliyekuwa nalo wakati nilipolihitaji. Mwanamke yule aliniuliza swali ambalo hata yeye hakulijua jibu lake, akanikosesha.

Lakini bado sijaeleza jinsi nilivyoacha shule, maana watu hudhani ni kwa sababu ya gunia. Gunia lilikuja baadaye. Baada ya Achol kuondoka nilikisoma kile kitabu kutoka mwanzo, mstari kwa mstari, nikitafuta kitu kimoja. Kila jengo lilikuwa na jina la mfalme. Mfalme huyu alijenga hili, yule alijenga lile, mwingine aliliongezea ngazi. Niliangalia picha ya mfalme mmoja, mikono yake laini imewekwa magotini. Kisha niliangalia mawe, makubwa kuliko nyumba ya ata. Nikarudi kuangalia mikono.

Jumatatu moja Mwalimu Bahati aliandika ubaoni maajabu ya kale, akageuka na chaki yake. "Piramidi, nani alijenga?"

"Mafarao!" darasa zima likapaza sauti.

Niliinua mkono. Aliniona, akatazama pembeni, akatazama tena, mwishowe akanielekezea kidevu.

"Mwalimu, hao waliobeba mawe waliitwa nani?"

"Bale? Hawakuitwa. Vibarua."

"Lakini walikuwa na majina."

"Hawamo kwenye mtihani," Mwalimu alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa uchovu wa mtu ambaye amewahi kuniomba neno moja. "Kaa chini."

Sikukaa. Nilisimama pale nikimtazama, shati lake la kijani limechanika kwapani, vidole vyake vyeupe kwa chaki, na nikajua kwamba kila kitu nitakachotaka kukijua kuanzia siku ile kitakuwa hakimo kwenye mtihani. Nilichukua kile kitabu na kalamu yangu, nikapita kati ya magoti ya wenzangu, nikaelekea mlangoni. Mwalimu alidhani naenda msalani, akaniambia nisikawie.